Blanketi Mbichi Chini ya Setilaiti

Harufu ya blanketi mbichi hunirudisha juu ya paa la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Githurai 45, mwaka ule nilipokuwa darasa la sita. Mama alikuwa mama fua, na kila Jumamosi tulipanda ngazi na beseni zilizojaa blanketi za watu tulizofua, tukazianika kwenye kamba. Paani palikuwa na sahani ya runinga ya Njoroge, msimamizi wa ploti, imekandamizwa kwa mawe, ikitazama juu upande wa mashariki. Kila Jumamosi picha yake ilipotea.

“Mama Shiru, unaguza sahani yangu,” alisema Njoroge. “Hizo kamba zitoke.”

Bila kamba, mama hangekuwa na kazi. Mimi nilikuwa nimeona kitu, lakini nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilingoja kuambiwa sema.

Jumamosi iliyofuata Njoroge alileta fundi, mzee kutoka Thika, mwenye kidude kinacholia kikipata mawimbi. Mzee aligeuza sahani huku na huku. Kimya. Kisha akaniona.

“Na wewe kasichana, unaangalia nini?”

“Blanketi zikikauka, picha inarudi,” nikasema, nikitazama miguu yangu.

Alisogeza blanketi. Kidude kikalia. Akairudisha, kikanyamaza. Akaweka shuka kavu mahali pake. Kikalia tena kana kwamba hapana kitu.

“Njoroge, runinga yako inaogopa kuoga,” akasema.

Alitueleza kwamba mawimbi hayo ya maikrowevu hutoka kwenye setilaiti, kilomita elfu thelathini na sita juu yetu. Husafiri umbali wote huo, kisha maji ya blanketi moja huyameza. Alipoanza kazi, sahani ilikuwa pana kama paa la kibanda cha mboga, ikibebwa na watu sita. Hii aliiinua peke yake, akaihamisha hatua mbili, ng’ambo ya kamba. Nilifunika kwa kiganja kile kichwa kidogo cha mbele kinachopokea mawimbi, sauti ya kidude ikakatika. Nikakiondoa, ikarudi. Sikuhisi joto wala upepo, lakini kitu kilichotoka mbali kuliko mahali popote nilipojua kilikuwa kimenifikia mkononi.

Kamba zilibaki. Siku hizi ploti ina intaneti ya waya, sahani imeshika kutu, na mgongo wa mama hauwezi ngazi. Ninaanika mimi. Bado sipitishi blanketi juu ya sahani ile. Ninaacha pengo, mbingu ipite.