Niliukata mkanda wa katikati ya miguu kwa kuogopa kuchekwa, kazi ya kuzamia ikanipita

Wakuu, heshima kwenu wote. Ninayoandika hapa ni kweli tupu, tena sehemu kubwa ni ya kujichafua mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Mie ni mtoto wa Temeke, mzaliwa hasa. Kwetu mtu anajua kuogelea kabla hajajua kusoma, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwaka huu kampuni moja ndogo, jina nalihifadhi, ilikuwa inatafuta mzamiaji mmoja wa kukagua na kusafisha matumbo ya boti. (Mzamiaji wa majini jamani, sio wa kujificha melini kwenda Sauzi.) Nilikuwa nimeganga njaa miaka miwili kwa kubeba mizigo. Ile kazi niliitaka kwa moyo wote.

Utaratibu: wiki mbili za mafunzo kule Mbweni, halafu jaribio. Tulikuwa sita, anachukuliwa mmoja.

Sasa mkufunzi. Mwanamke, madam Neema, mtu wa Singida.

Singida, wakuu. Najua kuna wajuaji watakuja kusema Singida kuna maziwa. Sawa, yapo. Mie nilijiuliza tu huyu bahari kaionea wapi mpaka anifundishe mtu wa pwani.

Siku ya kwanza hata maji hatukugusa. Kila mmoja alipewa bamba la chuma na mkanda mrefu, tukaambiwa tufunge wenyewe.

Bamba linakaa mgongoni na mtungi wa hewa unafungwa juu yake. Mkanda mkubwa ni mmoja: unatoka juu ya bamba, unapita mabegani, unarudi chini ya bamba, kisha unatokea kiunoni na kufungwa mbele kwa bizimu. Halafu kuna kipande kingine kinaanzia chini kabisa ya bamba, kinapita katikati ya miguu, mbele kina kitanzi. Mkanda wa kiuno unapitishwa humo.

Asubuhi nzima tunapima mikanda tu, utadhani tunatandika punda. Vaa ovaroli la kuzamia kwanza. Lowesha mkanda. Pitisha kiganja chini ya mkanda wa bega, kisipopita legeza. Vua, rekebisha, vaa tena.

Nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Kuna sista mmoja wa Mwenge, mwenzetu kwenye mafunzo, yeye alikuwa anarudia kila kitu bila kuchoka. Nilimdharau na yeye.

Ijumaa kabla ya jaribio madam akaturuhusu kwenda na seti zetu nyumbani tukazoee kuzivaa. Mie huyo na bamba langu mpaka kijiweni, nimelivalia juu ya singlendi ili washikaji waone mtu mzima nimepata kazi ya maana.

Kijiweni yupo Mudi. Fundi umeme kwa maneno yake mwenyewe. Mudi anajua siasa, anajua dawa, anajua injini za ndege. Kila kijiwe nchi hii kina Mudi wake na wote ni hasara.

Akaniangalia katikati ya miguu, akawageukia wenzake.

"Oyaa, mwana kavaa nepi."

Walicheka mpaka wa genge la jirani wakaja kuangalia. Akapita shangazi mmoja, mtu mzima wa heshima zake, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Baba, hiyo ni ya mgonjwa?"

Mnaelewa nilivyojisikia.

Mudi akaanza kutoa somo. "Huo mkanda wa chini mapambo tu, mambo ya wazungu. We kaza mabegani, mtungi hauendi popote."

Mudi hajawahi kuzama hata kwenye pipa. Na mie, niliyekaa wiki mbili nafundishwa na mtu anayeijua kazi, nikamsikiliza Mudi. Nikachukua kisu chake cha kuchunia nyaya, nikaukata ule mkanda. Nikakaza mabega mpaka kiganja hakipiti. Washikaji wakasema sasa ndio umekuwa mwanaume.

Jumatatu, siku ya jaribio, nikakumbuka kwamba madam atatukagua. Basi kile kitanzi nikakiacha mbele kwenye mkanda wa kiuno, ncha iliyokatwa nikaisokomeza ndani ya ovaroli. Ukiangalia haraka unaona kila kitu kipo. Akapita, akatazama, akaendelea.

Kushuka chini nilishuka vizuri, sikatai. Ila nikiinamisha kichwa, mtungi unateleza unanigonga kisogoni. Nikavumilia.

Balaa lilikuwa juu. Mwisho wa jaribio unajaza upepo mfuko fulani unaokaa kati ya bamba na mtungi ili uelee, halafu unavua seti nzima mwenyewe ukiwa majini. Nikajaza. Mfuko ukanyanyuka na bamba lote, maana chini hakuna kinacholishika. Bizimu likapanda mpaka mbavuni, mikanda ikanikaba kwapani, mtungi ukanisukuma kichwa, uso majini. Nachomoa mkono, hautoki. Mabega nilishayakaza juu ya singlendi, sasa nina ovaroli zito lililolowa.

Nilikunywa maji ya kutosha. Niliogopa kufa, wakuu, siwaongopei.

Madam Neema alifika bila papara, akanigeuza uso juu, akakata mkanda wa bega kwa kisu chake, akanivuta mpaka mchangani. Mtu wa Singida huyo.

Wenzangu watano na bosi walikuwa wamesimama. Madam akaivuta ile ncha kutoka kwenye ovaroli, akaitazama.

"Hii imekatwa."

"Imekatika, madam. Vifaa vyenu vimeoza."

"Niambie ukweli, kesho unarudia jaribio."

Neno moja tu lilihitajika hapo. Nikarudia kwamba vifaa vimeoza. Kazi akapewa sista wa Mwenge, na haki yake.

Baada ya mwezi, njaa ikanirudisha pale. Nikamwambia madam ukweli wote, tukiwa wawili tu. Akanipa kazi ya nchi kavu: kusuuza seti na kupitisha mikanda kwenye mabamba. Sista wa Mwenge anazama na seti niliyofunga mie. Kijiweni nilishaacha kukaa, Mudi siku hizi anafundisha watu mambo ya ini.

Funzo ninaloweza kutoa ni dogo: msikilize atakayekuwa na wewe majini, anayekucheka barabarani mwache acheke. Wenye uzoefu wa kazi hizi karibuni mchangie. Wa matusi pia karibuni, nayastahili.

Mtauliza kama nimeomba tena kuzamia. Nimeomba. Madam kasema sawa, ila kwanza niseme mbele ya bosi na wale watano kwamba niliukata mwenyewe, maana mpaka leo wapo wanaoamini vifaa vyake vimeoza.

Ni watu sita tu. Nyie humu nimewaandikia yote kwa jina la bandia, na wale sita bado sijawaambia.