Kuku Ndani ya Amplifaya Yangu

Leo mteja amekuja kuchukua amplifaya yangu, akakuta ina mwenyewe.

Mnajua nilivyohangaika: niuze gitaa la umeme na amplifaya yake nipate gitaa kavu, au nisiuze?

Jana nikajikaza, nikampigia Mwalimu Elia, anayefundisha kwaya kule Misigiri. Asubuhi huyo, yuko kwangu Mwankoko, gitaa lake kavu mgongoni, tubadilishane.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Washa tusikie."

Nikaingia stoo kuivuta amplifaya. Kitu kikanidonoa mkono!

Kuku wa mke wangu. Kajibana mle ndani kwa nyuma, palipo wazi, anaatamia mayai kumi na moja.

Nikataka kumtoa. Mwalimu akaja juu: "Weee! Kuku anayeatamia hahamishwi. Unataka mayai yaharibike?"

Nyie, mtu katoka Misigiri kufuata amplifaya, anamtetea kuku!

Halafu akaniuliza, "Kwani una uhakika unauza?"

Nikaanza kujiumauma. Zuhura, mke wangu, kashika ukuta kwa kicheko.

"Baba Salma, kuku anataga yai moja kwa siku. Kataga kumi na moja, na siku zote hizo hujawasha hicho kitu. Yeye kashajua umeacha. Umebaki wewe tu."

Nikampa Mwalimu gitaa langu, nikapokea lake.

Mwalimu kaondoka na gitaa la umeme. Amplifaya ataifuata vifaranga wakishatoka, na kaomba nyongeza moja: jogoo mmoja kati yao.

Anasema huyo lazima aingie kwaya.

Mimi hapa nalipiga gitaa kavu mlangoni pa stoo, vidole vinawaka moto, na kuku hata kichwa hajainua.