Mikate Yangu na Somo la Chuku

Uvumilivu wangu uliisha siku mwanafunzi mmoja alipogonga mkate wangu kwenye ukuta wa chuo, akatega sikio, akasema, "Mama, mkate mzima, ukuta njo umeumia." Wenzake wakacheka. Hakuna aliyenunua.

Ninauza mikate ya kukaanga mlangoni pa chuo hicho, na bwana wangu anasomea humo Kiingereza. Nilimbana mpaka akakiri. Mwalimu alitaka mfano wa chuku katika ushairi, naye akatunga kwamba mkate wa bibi yake, yaani mimi, ulianguka ziwani, watu wa Moba wakahama kwa mafuriko.

"Mama Neema, ni chuku tu. Ni kutia chumvi."

"Chumvi utatia mwenyewe leo, kwenye sombe utakayojipikia."

Asubuhi nikapeleka malalamiko biro, ofisini kwa mkuu wa chuo. Nilidai yasomwe mbele ya darasa lile lile, jina langu lisafishwe. Mkuu akakubali. Mwalimu akasoma polepole, mimi nimesimama kando, mtoto mgongoni, kifua mbele. Kufika katikati, darasa zima lilikuwa limelalia meza kwa kicheko.

"Papa Neema," mwalimu akamwambia bwana wangu, "wewe nilikupa alama tisa juu ya ishirini. Mama ningempa kumi na nane."

Nilikuwa nimeandika hivi:

"Papa Mkuu, ninamlalamikia mwalimu anayefundisha watu uongo. Tangu dunia iumbwe sijauza mkate hata mmoja. Mtoto wangu amekula ukuta kwa njaa. Nimelia mpaka ziwa limepanda. Na mimi ni muntu asiyejua kuongeza neno."