Matone ya Dada

Dada yangu alikuwa mweusi wa kung'aa, weusi ule ambao kwetu Kishapu watu huusifia kwa ng'ombe na kuusahau kwa wasichana. Alinizidi umri kidogo tu, lakini alinibeba mgongoni, kwa hiyo kwangu alikuwa mtu mzima tangu zamani.

Sisi wasichana wawili tulikuzwa kwa samli. Mama alisukasuka maziwa kwenye kibuyu, akachemsha siagi, na samli iliyobaki jikoni ilikwenda kwenye ngozi zetu. Kiangazi cha kwetu ni kikavu, upepo unabeba vumbi la mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, na mtoto anayepauka anamwaibisha mama yake. Asubuhi tulisimama mlangoni tukang'arishwa uso, magoti na visigino. Jua likipanda, darasani tulinuka maziwa yaliyochacha, na wenzetu wakasogeza madaftari yao pembeni. Dada hakujali. Mimi nilijali.

Aliolewa na mnunuzi wa dhahabu, wakapanga nyumba Nyasubi, mjini Kahama. Shemeji alikuwa akienda upande wa Geita kununua kwa wachimbaji wadogo, anakaa huko, anarudi. Nilipomaliza kidato cha nne nikahamia kwao, nikaanza kuuza nguo za mitumba sokoni. Nyumba ilikuwa na amani. Ninasema hili kwa sababu baadaye watu walitaka kusikia kwamba dada alipigwa au alinyanyaswa, na haikuwa hivyo.

Kichupa cha kwanza alikileta shemeji mwenyewe. Kilikuwa cha kioo cha rangi ya chai, kifuniko chake kina mpira wa kuminya, na maandishi yake hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Alikiweka juu ya meza ya televisheni.

"Wake za wenzangu wote wanatumia hii," alisema, akaenda kuoga.

Hakumwambia kwamba weusi wake ni mbaya. Dada alikaa akikigeuzageuza kichupa mkononi, na shemeji alipotoka bafuni akamshukuru.

Kesho yake alikipeleka kwa muuza vipodozi wa sokoni kuuliza matumizi, akarudi na somo zima. Alinifundisha nikiwa nimekaa kwenye ndoo jikoni nikichambua mchele.

"Mafuta yanakaa juu tu," alisema, "kama rangi kwenye ukuta. Seramu hii ya kichupa inaingia."

"Inaingia wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, dada?"

"Ndani ya ngozi, we naye!" Tukacheka.

Muuzaji alimwambia mafuta yanaziba njia, kwamba mtu hawezi kuvitumia vyote viwili akapata matokeo. Inabidi achague. Basi dada akachagua. Ile chupa ya samli tuliyopewa na mama, na mafuta ya nazi, na hata mafuta ya mgando, vyote akanipa mimi. Uso wangu wakati ule ulikuwa na chunusi paji zima, naye alinihurumia kwa dhati. Akanidondoshea tone moja nyuma ya kiganja. Liliwasha, likaacha harufu kama ya chuma kilicholoa.

"Hiyo ndiyo inafanya kazi," alisema.

Nilikataa. Wapo wanaonisifu leo kwa kukataa kwangu, lakini haikuwa akili. Muuzaji alikuwa amesema anayetumia asikae juani, na mimi meza yangu ya mitumba ilikuwa juani kutwa. Ningekuwa na kibanda chenye paa, huenda uso wangu leo ungekuwa na habari nyingine.

Mwanzoni alipendeza. Uso ulifunguka, ukawa laini kama wa mtoto aliyetoka kuoga. Majirani walimwambia dada kwamba shemeji anamtunza. Shemeji akaanza kwenda naye kwenye harusi na ubatizo. Kisha kichupa peke yake kikaonekana hakitoshi, na muuzaji akamwongezea krimu ya kuchanganya nayo, ule mkorogo unaopakwa mwili mzima. Ndipo mambo yakaanza kugeuka polepole, na kwa kuwa nilimwona kila siku, sikuweza kusema yaligeuka lini. Mashavu yalikuwa mekundu kama mtu aliyetoka kupigwa kofi. Mishipa myembamba ikajitokeza chini ya macho. Vifundo vya vidole na vya miguu vilibaki vyeusi, na sokoni vijana wakamwita soda mbili, ya machungwa usoni na nyeusi miguuni. Akaanza kuvaa soksi na viatu vya kufunika. Mkaa ukiwaka hakuweza kuusogelea, kwa hiyo mimi nikawa mpishi wa nyumba.

Alijaribu kuacha. Hilo watu hawalijui, nami nataka lijulikane. Alivifunga vichupa kwenye mfuko, akaniambia nivifiche. Baada ya siku chache uso ulivimba, ukawa na vipele na mabaka ya rangi ya majivu, na kuwashwa kukamkosesha usingizi. Shemeji aliporudi kutoka Geita alisimama mlangoni akamtazama.

"Sasa hiyo ni nini?" aliuliza, na jioni ile akala mgahawani.

Dada alikuja chumbani kwangu. "Nirudishie," alisema. Nilimwambia avumilie kidogo. "Unavumilia wewe?" akaniuliza. "Huu uso unaubeba wewe?" Nikamrudishia. Uvimbe ukaisha, naye akawa kama mtu aliyelipwa.

Mama alikuja kutusalimia baada ya mavuno. Nilikuwa sokoni, nikarudi nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya nje, kikapu mapajani. Dada alikuwa amesimama mlangoni, analia bila sauti. Kilichotokea walinisimulia kila mmoja kwa wakati wake. Mama alipobisha, dada alifungua, akasema, "Shikamoo mayu," yaani mama. Mama akaitikia marahaba, kwa adabu kama kwa mgeni yeyote, kisha akauliza, "Mwenye nyumba nimemkuta?"

Dada alidhani ni utani. Mama akarudia kuuliza, akataja na jina la binti yake, asije akawa amekosea nyumba.

Alikaa nasi juma lile hakusema neno juu ya ngozi. Siku ya kuondoka ndipo alipomshika dada kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku kwenye mwanga. "Ng'wanone," alisema, "mwanangu, huu uso nilikupa mimi. Ungeniambia kama haukutoshi." Mama akapanda basi.

Mimba ilikuja walipokuwa wamekwisha kukata tamaa. Kliniki muuguzi alimuuliza anapaka nini, dada akasema mafuta ya kawaida. Muuguzi akamtazama vidole, akaandika tu. Wangapi kama yeye walikuwa kwenye benchi lile, sijui, lakini nakumbuka soksi nyingi kwa siku ya joto.

Uchungu ulipomshika, mtoto hakutaka kushuka. Wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kike akatoka mzima, akilia, na shemeji akapiga simu kila mahali kwa furaha. Mama akaja kutoka Kishapu na kikapu chake, ndani yake amebeba kanga, unga wa uji na chupa ya samli ya kumkandia mjukuu.

Kidonda hakikufunga. Kila walipofungua bandeji, sehemu iliyoshikana jana leo ilikuwa wazi. Walishona tena. Daktari, kijana mwenye sauti ya uchovu, alituita mimi na shemeji kwenye korido.

"Ngozi yake imekuwa nyembamba mno," alisema. "Sindano inapita, lakini uzi ukivutwa unachana. Na usaha umeshaingia ndani. Amekuwa akipaka nini?"

Nilikuwa nacho kichupa kwenye pochi ya dada, nikamwonyesha. Hakushangaa. Alisema humo mara nyingi mna dawa zinazokondesha ngozi na kuizuia isipone, na nyingine zina zebaki.

"Zebaki?" shemeji aliuliza. "Ile ya kukamatia dhahabu?"

"Hiyohiyo. Hiki kichupa chenyewe sijakipima, siwezi kusema kwa hakika. Lakini hiyohiyo."

Shemeji alikiangalia kichupa. Zebaki aliijua vizuri, aliiona kila siku ikimwagwa kwenye karai la mchanga, na alikuwa na desturi ya kuwafokea wachimbaji walioishika kwa mikono mitupu. Alikaa chini pale pale koridoni, akaegemea ukuta.

Dada alikuwa na homa isiyoshuka. Siku ya mwisho aliyozungumza vizuri aliniomba kioo. Nikasema sina. "Unacho kwenye simu," alisema. Nikamshikia simu mbele ya uso wake. Alijitazama kwa muda, akanyoosha kidole akagusa shavu, si la kwake, bali lile la kwenye simu. Kisha akauliza kama mtoto amenyonya. Mama akasema amekunywa maziwa ya kopo, amelala. Alifariki asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu.

Tulimzika kwa wakwe zake, karibu na Ushirombo, kwa kuwa mahari ilikwisha kutolewa na huko ndiko kwake. Wanawake waliomwosha walikuwa wachache: shangazi yake shemeji, mama na mimi, na jirani mmoja wa kuchota maji. Tulimwosha taratibu, kwa sababu ngozi ilikuwa inatoka na kitambaa. Tulipomaliza, shangazi akauliza mafuta yake yako wapi. Mimi nilikuwa na pochi ya dada. Mama alikuwa tayari ameshika chupa ya samli.

Shangazi akasema kwa upole kwamba marehemu huenda na kitu alichokipenda. Nilitaka kumjibu vibaya. Nilitaka kukivunja kile kichupa ukutani mbele yao wote. Nikamtazama mama, maana kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuamua ni yeye.

Mama akaiweka samli chini, karibu na mguu wa kitanda.

"Tumpake ya kwake," alisema. "Nisije nikamkosea tena nyumba."

Akanigeukia, akanyoosha mkono. "Hii inapakwaje?"

Nikamwonyesha. Unaminya mpira, unadondosha matone kwenye kiganja, unagongagonga kwa ncha za vidole, husugui. Vidole vya mama ni vya kulima na kukamua, vigumu. Alianzia paji la uso, akashuka mashavuni, akagongagonga kidogo kidogo kama anayeogopa kumwamsha. Harufu ile ya chuma ikajaa chumba. Mimi nilifanya miguu. Shangazi alitoka nje, nikamsikia akilia huko.

Baada ya mazishi wanawake wa ukoo walikaa kwenye mkeka, na mtoto akapitishwa toka mkono hadi mkono. Alipomfikia shangazi, alimfunua kofia akayatazama masikio, kama wafanyavyo watu wanapotaka kujua mtoto atakuwa wa rangi gani, kwa kuwa wachanga huzaliwa weupe na masikio ndiyo yanayosema ukweli.

"Masikio meusi," alisema. "Maskini. Huyu amemfuata mama yake wa mwanzo, kabla hajaanza kupaka." Hakukusudia ubaya. Wengine wakachungulia, mmoja akasema labda atabadilika, wengine hubadilika.

Mama alinyanyuka kutoka mwisho wa mkeka, akavuka miguu ya watu bila kuomba samahani, akamchukua mtoto. Akamrudishia kofia, akaivuta hadi chini ya masikio, na kutoka pale hakumwachia mtu tena. Shemeji hakumzuia. Mama alipoondoka na mtoto kwenda kumlea Kishapu, shemeji aliwasindikiza hadi kituoni akibeba kikapu, na basi lilipowasha injini alikuwa bado anataka kusema kitu, lakini mama alikuwa ameangalia mbele.