Mama Mkwe Dirishani

Kosa nililifanya mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Pale kaunta ya uwanja wa ndege Dar es Salaam, dada wa tiketi aliniuliza tunataka kukaa vipi. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Tuweke pamoja. Huyu ni mama mkwe wangu, mpe dirisha." Nilitaka foleni nzima isikie kwamba hata mtu wa kijijini Kasulo anayajua mambo ya dirisha.

Kusema kweli nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Nilipokuwa mtoto, ndege za misaada ya wakimbizi zilikuwa zikipita juu ya shamba letu kule Ngara, nasi tunazikimbiza mpaka tunaangukia migombani. Nikahesabu huo kuwa uzoefu. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo huwa nahesabu chochote kinachopatikana.

Mama mkwe ni Msukuma wa Runazi, Biharamulo. Alipelekwa Dar kupasuliwa goti, akakaa huko kwa ndugu mpaka akawa anaongelea mihogo yake kama mtu anayeongelea marehemu. Daktari akamruhusu kurudi, ila asipande basi kabisa. Akikaa na lile goti limekunjwa safari yote hiyo, kazi ya daktari ingeharibika. Wanawe wa kiume walikuwa kwenye mavuno ya mahindi, mke wangu ananyonyesha, nikabaki mimi na kibanda changu cha kuchaji simu, ambacho hata kikifungwa wiki nzima hakuna anayelia. Mke wangu aliniaga kwa maneno machache: "Usirudi bila mama."

Sasa, kwetu Wahangaza mkwe anaheshimiwa. Kwa Wasukuma anaheshimiwa kama waya wa umeme: unajua upo, na huusogelei. Tangu nioe, mama mkwe hajawahi kunipa mkono, hajala mbele yangu, wala hajawahi kunielekezea neno. Akitaka nijue jambo, anamwambia mtu mwingine, nami nimesimama palepale. Hata asubuhi ile kwenye gari yeye alikaa nyuma na mpwa wake, mimi mbele, na shikamoo yangu ikapitia kwa dereva. Yote haya nilikuwa nayajua. Nilipofika kaunta yakanitoka.

Ndege ilikuwa jeti ya zamani, injini zake ziko mkiani. Kwenye mikono ya viti kulikuwa bado na vibati vya kuzimia sigara, na juu yake maandishi ya kukataza sigara. Safu za mwisho zilizungushiwa kamba kwa sababu viti vyake vilikuwa vinalala vyenyewe. Kwingine kote watu walijaa.

Nilitangulia, nikakaa kiti cha katikati, nikafunga mkanda, nikafurahi. Mama akaja polepole, fimbo mkono mmoja, mhudumu mkono mwingine. Aliponiona pale pembeni ya dirisha lake, akasimama. Akavuta kitenge mpaka usoni, akanigeuzia mgongo.

"Mwanangu," akamwambia mhudumu, "nirudishe chini. Nitapanda basi."

"Bibi, kiti chako ni kile cha dirishani."

"Nimekiona. Nirudishe."

Mhudumu akaniuliza kama anaogopa ndege.

"Ndege haogopi," nikasema. "Ananiheshimu mimi."

"Basi akuheshimu akiwa amekaa!" akapaza sauti mzee mmoja nyuma. "Sisi huku kwenye ngazi tunaiva!"

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona mama ameuinua kidogo ule mguu mbovu, haukanyagi vizuri. Nikajua hatanii. Angezishuka zile ngazi, na chini ya zile ngazi kulikuwa na basi tu.

Ng'ambo ya njia alikuwa amekaa mama mmoja mfanyabiashara, kapakata furushi la vitenge. "Wewe," akaniita, "huyu ni nani wako?"

"Mama mkwe."

"Na umekaa hapo umetulia! Toka! Toka upesi, huna aibu?"

Akasimama, akamwinamia mama. "Mwangaluka, mayu." Kusikia salamu ya Kisukuma, mama akashusha kitenge kidogo. Wakanong'ona. Mimi nikafukuzwa hadi mlango wa choo, nigeukie ukuta mpaka niitwe. Niliporudi, mama alikuwa dirishani, mfanyabiashara katikati na furushi lake kama ukuta, mimi nikapewa kiti cha pembeni, mwenyewe kahamia kile cha mfanyabiashara ng'ambo ya njia.

Ndege ilipoanza kukimbia, moshi mweupe ukatoka juu ya vichwa vyetu.

"Mwambie huyo kijana ndege inaungua," mama akasema.

"Anasema ndege inaungua."

"Mwambie ni hewa ya baridi tu." Mhudumu alikuwa anapiga miayo, nikaona hapawezi kuwa na moto.

"Anauliza umejuaje."

"Mwambie nimezoea."

Mfanyabiashara akatazama vidole vyangu vilivyong'ang'ania kibati cha sigara, akamwambia mama mkwe jambo refu kidogo kuliko langu. Wakacheka wote wawili. Sikuwa nimewahi kumsikia mama mkwe akicheka.

Huko juu tukagawiwa keki na juisi. Dawa ya goti ilitakiwa imezwe na chakula, na mama alikuwa amekaa na keki mapajani, haigusi. Nikavua koti, nikajifunika kichwa chote.

Mhudumu akanigusa bega. "Kaka, unajisikia kutapika?"

"Hapana. Mama mkwe anakula."

"Anakula nini?"

"Keki."

Akaniachia mfuko wa kutapikia hata hivyo. Nikakaa mle gizani, koti linanuka jasho langu, nikisikiliza karatasi ya keki ikifunguliwa taratibu, na nikaridhika kabisa.

Tulishukia Chato, ziwa upande mmoja, pori upande mwingine. Mfanyabiashara akatuaga, akaingia kwenye gari la Katoro na furushi lake. Gari letu la Runazi lilikuwa bado njiani. Tukabaki wawili kivulini, yeye kwenye benchi na goti kalinyoosha, mimi mbali kidogo, natazama pembeni. Hapakuwa na mtu wa katikati. Upepo ulileta harufu ya majani yaliyochomwa shambani, nikamsikia anavuta pumzi ndefu.

"Fimbo," akasema akiitazama mkononi mwake. "Tumefika."

Nikaendelea kutazama pembeni.

"Fimbo, mwambie huyo mtoto wa watu, siku nyingine asiniombee dirisha." Akalipapasa goti. "Na umwambie mguu hauumi."

Nilikuwa na begi langu tu. Nikaliweka chini mbele yangu vizuri.

"Begi," nikasema, "mwambie mama nimesikia."

Fimbo ikagonga sakafu mara moja. Kwa mbali vumbi la gari likaanza kuonekana.