Neno la Siri la Mwenyekiti Emanueli

Emanueli wa Soni alikuwa mwenyekiti wa kwaya yetu kwa sababu ya sauti yake kubwa, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye. Siku za wiki alinunua kabichi na karoti kwa wakulima na kuzipeleka Tanga. Jumapili alitufokea sisi.

Akaunti ya kwaya mtandaoni, tulikoweka video za nyimbo zetu, aliishika yeye, kama alivyoshika kila kitu. Neno lake la siri lilikuwa Emanueli1968, yaani jina lake na mwaka aliozaliwa. Ndilo alilotumia kufungulia barua pepe na ukurasa wake wa biashara. Sesilia, katibu wetu anayefundisha kompyuta sekondari, alimwonya.

"Shikamoo, baba mwenyekiti. Hilo neno hata mtoto wa chekechea atalibahatisha."

"Marahaba. Mwalimu, nina mengi ya kukumbuka. Tena nani wa kuiba nyimbo za Mungu?"

Haukupita muda, ikaingia meseji: kwaya imeteuliwa kuwania tuzo, mwenyekiti abonyeze hapa, ajaze barua pepe na neno la siri. Mtu mwingine angejiuliza ni nani huyo aliyeteua kwaya ambayo soprano wanaanza kabla ya kinanda. Emanueli alijaza, kisha akaenda kupimwa suti ya kupokelea tuzo.

Jumapili iliyofuata, mama mchungaji alitaka kuwaonyesha wageni wimbo wetu wa Pasaka. Simu ikamtolea mganga mwenye usinga, akinadi dawa ya kurudisha mpenzi, na juu yake jina la kwaya yetu. Wageni walicheka mpaka nje ya kanisa.

"Hii ni kazi ya shetani," Emanueli alitangaza.

"Shetani hakujaza neno la siri," Sesilia alimjibu. "Ulilijaza wewe."

Bahati yake, laini ya simu ilikuwa bado yake, hivyo Sesilia aliweza kuirudisha barua pepe, kisha akaunti. Mganga akafutwa. Ndipo Sesilia akamketisha mwenyekiti kwenye benchi na kumwekea kwenye simu programu ya kutunza maneno ya siri.

"Hii itatunga neno refu kwa kila akaunti, kila moja lake, na itayakumbuka yenyewe. Wewe utakumbuka maneno ya kuifungulia hii tu. Yawe matano, yasiyohusiana."

"Emanueli Mwenyekiti Kwaya Soni Lushoto," alisema bila kufikiri.

"Hayo ya kuandika kaburini, baba."

Akajaribu mstari wa zaburi. Sesilia akamwambia dunia nzima inaujua. Mwishowe aliiacha programu ichague yenyewe: kinyozi, twiga, sufuria, ukungu, parachichi.

"Jichoree picha kichwani. Kinyozi anamnyoa twiga, amemvalisha sufuria, wapo kwenye ukungu, wanakula parachichi."

Emanueli alicheka mpaka machozi yakamtoka. Maneno aliyashika papo hapo, na hapo ndipo tabu ilipoanza, maana hajawahi kuwa na kitu kizuri akanyamaza. Jioni ya mazoezi alisimama mbele ya kwaya nzima, akakohoa, akatangaza kwa besi: "Ndugu zangu, sasa tuko salama. Kinyozi, twiga, sufuria, ukungu, parachichi!"

Tulipiga makofi. Sesilia peke yake aliinama, mikono usoni. Kisha akamfuata, akamtoa nje kwa upole kama mgonjwa, wakachagua mengine matano na kubadilisha yote. Safari hii alimwapisha.

Kiapo amekishika, na amekishika kwa kishindo. Mkewe Zipora hajui maneno hayo, na anakumbushwa kila siku kwamba hayajui. Muulize Emanueli kabichi zinauzwaje leo, atatazama huku na huku, ashushe sauti, aseme, "Siwezi kusema." Akaunti yetu iko salama. Mwenyewe ndiye asiyevumilika.