Kalibu si Karibu

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilisema asante, na asante hiyo nusura iondoke na mkono wangu wa kulia.

Ilikuwa mwaka 1990, Gikondo, kule bondeni kwenye maghala na viwanda vya Kigali. Nilikuwa nimeshuka kwa miguu kutoka mtaani kwetu Biryogo, shati limepigwa pasi hadi kola inakwaruza shingo, maana nilidhani mtu wa kiwandani hupewa kiti. Ndani nilikuta mashine ndefu kama basi, inapumua kama mgonjwa. Upande wa pili wa mashine alisimama msimamizi wa zamu. Watu walimwita Kontrometre, kwa Kifaransa cha wenye kiwanda, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga. Aliletwa Rwanda pamoja na mashine, na sisi tulitania kwamba walisafirishwa katika sanduku moja.

Mimi ni mtoto wa adabu. Nikanyoosha mkono kumsalimia, juu ya mdomo wa mashine uliokuwa wazi. Akapiga kelele:

"Kalibu!"

Nikafikiri, watu wastaarabu hawa. "Asante, Mzee," nikajibu, nikapiga hatua moja mbele.

Mtu aliyekuwa nyuma yangu alinivuta kwa ile kola ya pasi. Vipande viwili vya chuma vikakutana, paa, mahali ulipokuwa mkono wangu. Nilijikuta nimekaa sakafuni. Nikahesabu vidole: kumi. Nikahesabu tena: kumi. Kuhesabu mara mbili nilijifunza sokoni, nikinunua mayai ya jumla, lakini siku hiyo tabia iligeuka kuwa ugonjwa, na sijapona.

"Umesema nini wewe?" Kontrometre alinijia juu.

"Nimesema asante. Si umenikaribisha?"

"Nikukaribishe ufe? Nimesema kalibu! Hii hapa! Kalibu inafunga, ondoka!"

"Ndiyo hiyo hiyo, Mzee. Karibu."

"Siyo karibu. Kalibu!"

"Nimekusikia. Karibu."

Zamu nzima iliinama kwa kicheko. Tangu siku hiyo jina langu kiwandani lilikuwa Asante, na karatasi za kazi tu ndizo zilizokumbuka jina la baba yangu.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi nyuma ya milango ya kioo, nieleze. Tulikuwa tunatengeneza kandambili za plastiki. Plastiki huja katika magunia ikiwa punje, kama mchele uliotiwa rangi. Mashine humeza punje, huziyeyusha, kisha husukuma ule uji wa moto ndani ya kalibu, yaani vipande viwili vya chuma vilivyochongwa umbo la kiatu. Kalibu ikifunga, uji unakuwa kiatu. Ikifunguka, unatoa kiatu kwa kijiti cha mwanzi, si kwa mkono. Kila kiatu hutoka na mkia, ule ukingo wa plastiki iliyozidi, na akina mama waliukata kwa visu vifupi. Neno kalibu lilikuja na Kontrometre kutoka pwani. Kwao, kalibu na karibu ni maneno mawili. Kwenye ulimi wetu wa Kigali, r na l zinakaa kiti kimoja, na anayewahi ndiye anayekaa. Hata masikio yetu hayakujali nani kakaa.

Baada ya miezi michache nilipewa kazi ya kulinganisha viatu, kushoto kwa kulia, kabla havijafungwa kwa dazeni. Nilihesabu kila dazeni mara mbili. Kontrometre alisema nachelewesha zamu. Halafu siku niliyougua homa, dazeni nzima ya miguu ya kushoto ikaenda sokoni Nyamirambo, na baada ya hapo hakusema tena.

Kilichonishtua si mashine. Mashine nilizizoea. Kilichonishtua ni watu wa mtaani kwetu. Walivaa kandambili zetu kwenda sokoni na kwenda kuoga, lakini sisi tuliozitengeneza walituangalia kama watu waliotoka jela. Wengine walisema ndani ya mashine mna jini anayedai vidole. Wengine walisema hakuna kazi pale, ni kubonyeza swichi na kulala. Sikupata kuelewa jini huyo anakula vidole vya watu waliolala namna gani. Bingwa wetu wa kukata mikia, Mama Odette, aliambiwa na majirani kwamba moshi wa plastiki utamfunga uzazi. Alikuwa na watoto watano.

"Basi hiyo plastiki iko na uvivu sana," aliwajibu, na kisu chake hakikusimama.

Na aliyetudharau kuliko wote alikuwa Mzee Kassimu, fundi cherehani wa Biryogo. Dharau yake ilikuwa na uzito kwangu kwa sababu ya binti yake, Zaina. Zaina alikuwa ameshanikubali. Alisema tu, "Mimi umenipata. Sasa nenda kamnunue baba, na yeye ni mgumu kuliko kitenge cha Kongo."

Nikaenda, wiki ya Idi ya mwaka 1992. Mzee Kassimu alikuwa barazani kwake, miguu kwenye pedali, futi ya kupimia shingoni, tondoo kidoleni, ile kofia ya chuma ya kidole kinachosukuma sindano. Mkono wake wa kulia ndio uliofanya yote: chaki, mkasi, sindano. Tondoo aliivaa kushoto. Niliona hivyo na sikufikiri chochote.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza, na alikuwa anajua.

"Kiwandani, Mzee. Gikondo."

"Sikukuuliza unashinda wapi. Nimeuliza kazi."

"Natengeneza viatu."

"Mashine inatengeneza. Wewe ni mtu wa swichi."

"Hata hiyo cherehani ni mashine, Mzee."

Miguu ikasimama kwenye pedali. "Hii naiendesha mimi. Yako inakuendesha wewe. Fundi hukaa na kitu hadi kikamjua. Weka mikono mezani."

Nikaiweka kati ya vipande vya suti ya mtu. Akahesabu kwa ncha ya chaki, akiacha doa jeupe kwenye kila kucha. Kumi.

"Leo," alisema. "Mwakani utakuwa na vingapi? Nimwoze binti yangu mtu wa kufungwa vifungo na mkewe?"

Hapo ndipo nilipoanza biashara, maana kupatana bei ndicho kipaji nilichopewa. Nikamwambia: anipe miezi mitatu, nikiwa na vidole vyote aniozeshe. Akasema miaka mitatu. Nikasema miezi sita. Akasema miaka miwili, na kila Ijumaa baada ya sala nije nihesabiwe. Tukakutana katikati: kutoka Idi ile hadi Idi ijayo, na Ijumaa zake zote.

"Siku ukija na tisa," alisema, "upite njia nyingine."

Nilipatana hivyo nikiona nimeshinda. Mwaka mmoja, vidole ninavyo, kazi naijua. Lakini nilijua pia neno la Kontrometre, nikaenda ofisini kwa Direkta, mkubwa wa kiwanda, aliyekuwa akikaa Kiyovu kwa matajiri na kufika kwa gari safi hata msimu wa matope. Nikamwambia lile neno litakata mtu.

"Unataka nibadili lugha ya kiwanda kwa kuwa wewe ulisikia vibaya?"

"Bwana Direkta, zamu nzima tunasikia vibaya namna moja."

"Na wewe ungesema nini?"

"Mikono. Kontrometre akiita 'Mikono!', kila mtu ainue yote miwili juu. Yeye ahesabu, kisha afunge. Na neno lenyewe halina r wala l."

Direkta alicheka, si kwa ubaya. Kontrometre, aliyekuwa ameitwa, hakucheka. "Nimesema kalibu tangu Tanga," alisema. "Hajakatika mtu." Wakati ule vita vilikuwa kaskazini, barabara zilifungwa mara kwa mara, punje zilikuja kwa kuchelewa, na zilipokuja ilikuwa mbio. Kunyoosha mikono hewani kulionekana kama kuchezea saa. Nikarudi kwenye dazeni zangu.

Ijumaa zilipita. Weka mezani. Kumi. Weka mezani. Kumi. Zaina alikuwa akipita na birika la chai, ananiangalia vidole kama mtu anayeangalia maziwa yasichemke yakamwagika.

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani ile, mashine ilinasa. Kiatu kilikwama ndani ya kalibu, na aliyekuwa jirani nayo ni mimi. Kijiti cha mwanzi kilikuwa kimevunjika asubuhi, mpya hakijachongwa. Nilikuwa nimefunga, mdomo umekauka, na kichwa changu kilikuwa kimeshatangulia Biryogo: sala, meza, chaki, Ijumaa ya mwisho. Nikaingiza mkono wa kushoto. Nyuma ya mashine Kontrometre hakuniona. Akaita kama kawaida yake:

"Kalibu!"

Ndugu zangu, nilikuwa nalijua neno lile kuliko jina langu. Nililisikia kila siku, mamia ya mara. Lakini sikio halikufika shule na mimi. Kwa nusu pumzi lilisikia mtu ananikaribisha mahali, na nusu pumzi hiyo ndiyo iliyotosha. Nilivuta. Nikahesabu: tisa. Nikahesabu tena, nikitumaini kwa mara ya kwanza maishani kwamba nilikosea. Tisa, na kidole kidogo kilichoishia kwenye kiungo cha kwanza.

Mama Odette alinifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Kontrometre alizunguka mashine mbio, vidole vyake vyote kumi kichwani. "Asante," aliniita, "Asante, nisamehe mwanangu." Nilitaka kucheka jinsi lilivyosikika, lakini meno yalikuwa yanagongana. Direkta alishuka ngazi mbio, tai begani, akauliza jambo moja tu: "Lile neno ulilotaka, lilikuwa lipi?"

Siku ya Idi nilivaa kanzu nyeupe na kuficha mkono mfukoni. Njia nzima nilipanga maneno. Barazani Mzee Kassimu alikuwa amekaa na nguo mpya, cherehani imefunikwa. Zaina alikuwa mlangoni, amesimama na sahani ya visheti.

"Idi njema, Mzee."

"Weka mezani."

"Mzee, kabla hatujaweka. Katika kupatana kuna kuongeza na kupunguza."

"Weka."

"Tuseme tisa na nusu."

Akanyoosha ncha ya chaki. Nikautoa mkono. Zaina alishtuka, visheti viwili vikaanguka. Mzee Kassimu alihesabu kwa chaki, taratibu, akarudia. Alipofika kwenye bandeji aliinua chaki bila kugusa. Kisha alifanya jambo ambalo hata leo nikilisimulia nywele zinanisimama. Aliishika tondoo iliyokuwa kwenye kidole chake cha kushoto, akaizungusha, akaivua, akaisimamisha juu ya meza. Chini yake hapakuwa na kidole. Kulikuwa na kisiki kilaini, kikuukuu, kifupi kuliko changu.

"Baba?" Zaina alisema. Binti yake wa kumzaa, na alikuwa hajui.

"Kinu cha kuchambulia pamba," alisema. "Tanganyika, kabla sijaja huku. Nilikuwa mdogo kuliko huyu. Kijijini wakasema nimeliwa na jini la Wazungu, hakuna aliyenipa hata kazi ya kupalilia. Nikajifunza cherehani, nikavaa hii, nikahamia mahali watu wasiponijua. Nani ampelekee suti mtu aliyeumwa na mashine?"

Ijumaa za mwaka mzima alikuwa ananihesabu, na mimi, Asante, nihesabuye mayai mara mbili na viatu mara mbili, sikuwahi kuvihesabu vyake hata mara moja. Mtu anashona kwa kulia, tondoo iko kushoto, na hata kutawadha anatawadhia ndani kwake. Niliyaona yote.

"Kwa hiyo Mzee," nilisema, "ulikuwa unadai kumi na wewe mwenyewe una tisa na nusu."

"Na robo," alisema. "Usinipunje." Kisha akavuta sahani kutoka mikononi mwa Zaina. "Vyako na vyangu ni karibu kumi na tisa. Vinatosha kulia pilau. Waambie wazee wako waje."

Tulioana mwaka huo huo, 1993. Kiwandani neno lilibadilika. Kontrometre alikuwa akiita "Mikono!" kwa sauti ya mtu anayelipa faini, sisi tukiinua, yeye akihesabu. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mkataba wake uliisha, akarudi Tanga, na mimi nikapewa nafasi yake. Niliishika miezi michache tu kabla ya Aprili.

Yaliyotokea Aprili ile mnayajua, na si mimi wa kuyapamba. Kiwanda kilipofunguliwa tena mwishoni mwa 1994, nilisimama getini kuwapokea watu wa zamu. Tulikuwa kumi na wawili. Waliingia wanne, mimi wa tano. Sikuhesabu mara ya pili. Mama Odette na watoto wake watano waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na utani wake kuhusu uvivu wa plastiki sijausema mbele ya watu hadi nilipoandika hapa.

Mzee Kassimu alikuja nami siku ile. Alikuwa ametushonea aproni za turubai, kumi na mbili, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia idadi. Kidoleni hakuwa na tondoo. Alisimama mlangoni, akaitazama ile mashine iliyokuwa ndefu kama basi, hakusema mtu wa swichi wala jini. Niliita, "Mikono!" Ikainuliwa mikono kumi katika jengo lile kubwa, na yangu ikiwemo. Niliihesabu nikashindwa kufunga kalibu.

"Anza, fundi," Mzee Kassimu alisema nyuma yangu.

Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, nami nikafunga kalibu.

Sasa nimestaafu. Vijana wa siku hizi wanasomea viwanda chuoni, wanapiga picha na mashine zao, wazazi wanajivunia. Nafurahi, ingawa bado nashangaa jinsi aibu ya jana inavyopigwa picha leo. Kitu kimoja hakijastaafu. Ninapofika nyumbani kwa mtu akaniambia karibu, mikono yangu yote miwili hupanda juu kwanza, mwenye nyumba akabaki ananitazama. Nikishaihesabu, ndipo ninaposema asante.